Ramani ya Nyumba Isomwe kwa Rula, Picha ya Mbele Ije Baadaye

Ramani nyingi huchaguliwa kwa ile picha ya rangi: ukuta mweupe, vioo vikubwa, gari jeusi limeegeshwa mbele, nyasi kama zulia. Nyumba ya kwenye picha imekaa juu ya kiwanja ambacho hakipo popote. Hakina mteremko, hakina jirani wala shimo la maji taka, na jua lake linatokea upande wowote uliompendeza mchoraji. Kinachojengwa ni ile karatasi ya mistari myeusi iliyoambatana na picha, ambayo wengi huitazama mara moja tu, wakahesabu vyumba, basi.

Kabla hata ya karatasi hiyo, kuna kiwanja.

Kiwanja ndicho kinachochagua kwanza

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30. Kwa hesabu ya eneo ni mita za mraba 600, na ramani nyingi zinazouzwa zitakwambia 600 zinatosha. Lakini mamlaka nyingi za ujenzi hudai uache nafasi kati ya nyumba na mpaka. Tuseme ni mita 5 mbele, 3 nyuma na 2 kila ubavu. Unabaki na 16 kwa 22. Ramani yenye upana wa mita 17 imeshakataliwa, hata uipende vipi. Uliza pia kipimo kinahesabiwa kutoka wapi, kwenye ukuta au kwenye ukingo wa paa, kwa sababu bati likichomoza sentimita 60 kila upande, nyumba ya mita 15.5 inakuwa ya mita 16.7.

Ndani ya nafasi hiyohiyo bado hujaweka shimo la maji taka, tangi la maji na gari. Gari moja linataka takriban mita 3 kwa 5 za kuegesha, na mita 6 hivi mbele ya mlango wa gereji ili liweze kugeuka bila kurudi nyuma mara tano. Kama kuna kisima, kwako au kwa jirani, kanuni hudai shimo la maji taka likae mbali nacho, na umbali huo peke yake unaweza kuisogeza nyumba nzima.

Mteremko ndio unaokula pesa nyingi kabla tofali la kwanza halijaonekana juu ya ardhi. Kiwanja kinachoshuka mita 1 kwa kila mita 10 kinaweza kuonekana si kikali kwa macho. Weka juu yake nyumba ya mita 12 kwa 15, urefu wake ukifuata mteremko, na ncha ya chini itakuwa mita 1.5 chini ya ncha ya juu. Ukitaka sakafu moja iliyonyooka kwa usawa wa ncha ya juu, unajaza kabari ya kifusi yenye wastani wa sentimita 75 kwenda chini, yaani mita za ujazo 135. Geuza nyumba ileile ilale kukingama mteremko na kifusi kinashuka hadi mita za ujazo 108. Hujabadilisha chumba hata kimoja. Na kifusi hicho kisiposhindiliwa kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, sakafu itashuka na kupasuka katikati ya sebule huku kuta zikiwa zimesimama salama, na lawama atabebeshwa fundi wa vigae.

Kwenye mteremko mkali kuliko huo, tafuta ramani ndefu na nyembamba, au ile yenye sakafu mbili zinazotofautiana kwa vidato vitatu vinne. Ramani pana ya mraba iache kwa mwenye kiwanja tambarare.

Udongo nao una neno lake. Mfinyanzi mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka haustahimili msingi wa kawaida uliochorwa kwa ajili ya "udongo mzuri". Chimba mashimo mawili matatu ya kina cha mita 1.5 hadi 2 pale kona za nyumba zitakapokaa, mhandisi wa miundo ayaone, na karatasi ya msingi iliyokuja na ramani ya kununua uichukulie kama mfano tu.

Jua halihitaji maelezo marefu: la alasiri hupiga ukuta wa magharibi likiwa limeinama, kwa hiyo linapenya chini ya ukingo wa paa na kuingia ndani. Vyumba vya kulala vikikaa huko kwenye eneo la joto, kuta zitatoa joto hadi usiku. Upande huo ufae stoo, vyoo, ngazi, gereji. Upepo unataka chumba kiwe na matundu kwenye kuta mbili tofauti, si madirisha mawili yaliyopangwa ukuta mmoja. Hapa kuna mtego: wauzaji wa ramani hukubali kuigeuza ramani kama kwenye kioo, kulia iwe kushoto, ili geti liendane na barabara. Ramani inafaa, geti limekaa sawa, ila chumba kilichokuwa mashariki sasa huenda kipo magharibi. Kila inapogeuzwa, chora mshale wa kaskazini upya.

Karatasi na rula

Ukishapata ramani zinazoingia kwenye kiwanja, zichapishe. Skeli ya kawaida ni 1:100, sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya nyumba. Lakini karatasi ya A3 ikichapishwa kwenye A4, kila kitu kinapungua na 1:100 inakuwa kama 1:141. Maandishi ya skeli pale chini hayabadiliki, yanaendelea kudai 1:100. Njia ya haraka ya kuhakiki ni kupima kitu ambacho vipimo vyake vimeandikwa. Ukuta ulioandikwa mita 12 usome sentimita 12 kwenye rula. Ukisoma 8.5, karatasi imekudanganya. Na siku zote namba iliyoandikwa ina nguvu kuliko mstari uliopimwa.

Swali la pili: namba hizo zimepima nini? Kuna wachoraji wanaopima katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta, wengine uso wa tofali hadi uso wa tofali. Chumba kilichoandikwa 3.00 kwa 3.00 kutoka katikati ya kuta za sentimita 15 kina 2.85 ndani, na ukipiga lipu ya sentimita 1.5 kila upande unabaki na 2.82. Sentimita 18 ni tofauti kati ya kupita na kutopita kando ya kitanda. Kwenye nyumba ya nje-kwa-nje mita 10 kwa 12, kuta zenyewe hula mita za mraba 13 hivi kati ya 120. Hakuna anayelala humo, lakini unazilipia kama zingine.

Sasa chumba cha kulala, kwa sababu ndipo wengi wanapojuta. Kitanda cha futi 6 kwa 6 ni mita 1.83 kila upande. Weka sentimita 60 kulia na kushoto, upana unafika mita 3.03. Kwa urefu: sentimita 10 za ubao wa kichwani, 1.83 za kitanda, 75 za kupita miguuni, na 60 za kina cha kabati. Jumla mita 3.28. Kwa hiyo chumba cha 3.05 kwa 3.3 *ndani ya lipu* ndicho kidogo kabisa kinachobeba kitanda hicho na kabati. Mchoraji aliyekuwekea kitanda kizuri kwenye chumba cha 2.7 amepunguza kitanda, si kwamba amepata siri. Pima kitanda chake kwa rula kabla hujamsifu.

Mlango nao uutazame unapofungukia. Ukikaa sentimita 10 kutoka kwenye kona, ukuta ulio nyuma yake hauwezi kubeba kabati, maana kabati la sentimita 60 litaziba njia. Usogeze mlango uwe sentimita 65 kutoka kona na ukuta mzima unarudi kuwa wako. Kwenye karatasi ni kazi ya kifutio. Lenta, boriti ya zege juu ya milango na madirisha, ikishamwagwa, ni kazi ya nyundo na siku mbili za vumbi.

Kwa vyumba vingine vipimo vya kubeba kichwani ni hivi. Meza ya watu sita, mita 0.9 kwa 1.8, inataka sentimita 90 kila upande ili kiti kivutwe na mtu apite, yaani 2.7 kwa 3.6. Jikoni kaunta ina kina cha sentimita 60, na kati ya kaunta mbili zinazotazamana kusipungue mita 1.05. Ikizidi 1.2 sana, mpishi anatembea bure. Bafu lenye choo linafanya kazi vizuri kuanzia 1.5 kwa 2.1: katikati ya bakuli la choo sentimita 40 kutoka ukuta wa pembeni, sentimita 60 za nafasi mbele yake, na sehemu ya kuogea 90 kwa 90. Mlango wa sentimita 90 unapitisha kiti cha magurudumu na jokofu. Walau mlango wa mbele, wa jikoni na wa chumba kimoja cha chini viwe na upana huo. Madirisha: kanuni nyingi huanzia asilimia 10 ya eneo la sakafu kwa ajili ya mwanga, na nusu yake iweze kufunguka.

Kisha pitisha kalamu ya rangi kwenye korido. Korido ya mita 1.2 kwa 8 ni mita za mraba 9.6, chumba kizima cha 3 kwa 3.2 ambacho hakina kitanda. Korido haziepukiki kwenye nyumba yenye vyumba vingi, lakini zikizidi asilimia 15 ya nyumba ujue vyumba vimepangwa kwa mstari badala ya kuzungushiwa.

Kona na paa

Nyumba mbili zenye eneo sawa hazigharimu sawa. Mstatili wa 10 kwa 12 una mita za mraba 120 na mzunguko wa mita 44. Ramani ya umbo la L inayoingia ndani ya 12 kwa 15, ikiwa imekatwa kipande cha 6 kwa 10, nayo ina mita za mraba 120, ila mzunguko wake ni mita 54. Hizo mita 10 za ziada ni msingi, na ukuta wa kimo cha mita 3 juu yake ni mita za mraba 30. Kwa tofali lenye uso wa sentimita 45 kwa 22.5, mita ya mraba hula kama matofali 10, hivyo ni matofali 300 na lipu ya pande mbili, kwa vyumba vilevile. Si kwamba L ni mbaya. Inaleta baraza lenye kivuli na upepo mzuri. Ila uijue bei yake, usije ukafikiri fundi amekuibia.

Paa ndilo linalopandisha hesabu kimyakimya. Ile nyumba ya 10 kwa 12, ukingo wa bati ukichomoza sentimita 60 pande zote, inafunikwa na mita za mraba 148 ukiitazama kutoka juu. Mteremko wa nyuzi 15 unaifanya 153. Nyuzi 30 zinaifanya 171. Nyuzi 45, zile paa ndefu zinazopendeza kwenye picha, zinaifanya 209, kabla hujahesabu kulalianisha na kukata.

Watu husema paa la migongo minne, linaloshuka pande zote nne, linakula bati zaidi kuliko la migongo miwili. Mteremko ukiwa uleule, eneo ni lilelile. Tofauti iko kwenye mikato ya mshazari inayotupa vipande, kofia nyingi zaidi za kuziba maungio ya bati, na kenchi (fremu za kubeba bati) zenye urefu tofautitofauti. La migongo miwili nalo lina deni lake: kuta mbili za pembetatu. Kwa upana wa mita 10 na nyuzi 30, kila pembetatu ina kimo cha mita 2.9, na zote mbili ni mita za mraba 29, karibu matofali 290 yaliyokaa juu kabisa ambako kila tofali hupandishwa kwa mkono.

Lakini hesabu ya muhimu kuliko zote kwenye karatasi ya paa ni ya mabonde, pale miteremko miwili inapokutana na kushuka pamoja. Mstatili hauna hata moja. Umbo la L lina moja, T lina mawili, na kipaa kidogo kilichobandikwa juu ya kibaraza cha mbele kwa urembo huongeza mawili. Bondeni ndiko majani yanakokusanyika, maji yanakopanda chini ya bati mvua ikiwa kubwa, na kutu inakoanzia. Bonde huwa juu ya kona ya ndani ya nyumba, kwa hiyo likivuja, linavuja juu ya dari ya sebule au korido. Ramani yenye mabonde sita kwa nyumba ya vyumba vitatu mimi naiweka pembeni hapohapo.

Na zile paa za kuficha, zenye ukuta unaopanda kuziba bati? Zinataka nidhamu. Maji yote yanaingia kwenye mfereji uliofichwa ndani ya ukuta. Dai matundu mawili ya kutolea maji, si moja, na juu yake kidogo tundu la dharura linalotoboa ukuta kwenda nje, ili siku jani likiziba, maji yaonekane yakimwagika uani badala ya kwenye dari. Kichwa cha ukuta kivikwe kofia yenye ukingo wa kudondoshea maji, la sivyo utapata michirizi myeusi. Kumbuka pia kwamba nyumba hiyo haina ukingo wa paa wa kukinga madirisha na mvua wala jua.

Maji yanayotoka

Chora mstari kutoka kila choo, bafu na jiko hadi shimo la maji taka. Bomba la milimita 110 linataka kushuka sentimita 2.5 kwa kila mita. Choo cha wageni kikiwa mbele na shimo likiwa nyuma, mita 20, bomba linashuka nusu mita njiani, na kila linapopinda linataka chemba ya kulikagulia na kulizibulia. Shimo likiwa upande wa juu wa kiwanja, ramani hiyo igeuzwe au iachwe. Ramani nzuri huweka vyoo viwili mgongo kwa mgongo, jiko lisiwe mbali navyo, na choo cha ghorofani juu ya choo cha chini. Bomba la ghorofani linaloshukia katikati ya dari ya chumba cha kulia ni kosa la mchoraji, hata akikuahidi kulifunika kwa gipsamu.

Kama kuna ghorofa, leo au baadaye

Ngazi hula nafasi kuliko zinavyoonyeshwa. Kutoka sakafu hadi sakafu mita 3, vidato 17 vya kimo cha sentimita 17.6 na kina cha 27 ni vya kupandika vizuri. Ngazi ya kukunja katikati yenye vidato hivyo inataka shimo la kama mita 2.1 kwa 3.3. Ramani inayokupa ngazi ndani ya 1.8 kwa 2.4 inakupa kitu cha kupanda kama ngazi ya kwenda darini. Hesabu vidato kwenye mchoro, gawanya kimo, utajua.

Linganisha kuta za juu na za chini, karatasi moja juu ya nyingine dirishani. Ukuta wa juu usio na ukuta chini yake unabebwa na boriti. Sebule ya upana wa mita 6 isiyo na nguzo itadai boriti ya kina cha sentimita 40 hadi 50, na kwa nyumba yenye mita 3 kati ya sakafu na sakafu unabaki na mita 2.5 hivi chini yake. Hili halionekani kwenye ramani ya sakafu. Linaonekana kwenye mkato, mchoro wa nyumba kana kwamba imekatwa wima, na ramani isiyo na mkato haijakamilika.

Anayepanga kuongeza ghorofa baadaye alipie msingi na nguzo zake sasa, kwa hesabu ya mhandisi, na aitenge nafasi ya ngazi ambayo kwa sasa itakuwa stoo. Nondo zilizoachwa zikichungulia juu angani kwa miaka hula kutu, kwa hiyo zifunikwe kwa zege dhaifu litakalobomolewa. Anayepanga kuongeza vyumba kwa ubavu achague upande wenye ukuta wa pembetatu, paa liendelee tu kwa urefu. Dirisha la mwisho wa korido liwe na upana wa mlango na lenta ya kimo cha mlango. Siku ya kuongeza utabomoa tofali za chini ya dirisha tu.

Ya kununua au ya kuchorewa

Ramani iliyo tayari ni nafuu pale inapokufaa kwa asilimia kubwa. Kusogeza mlango, kuunganisha vyumba viwili kwa ukuta usiobeba mzigo, kubadili dirisha, hayo ni marekebisho. Kuhamisha ngazi, kuhamisha vyoo, kupanua nyumba kwa mita moja au kubadili umbo la paa ni kuchora upya, kwa sababu msingi, nguzo na kenchi vyote vinafuata. Ukiwa na matatu ya aina hiyo, lipia mchoro mpya. Uliza pia ulichonunua ni haki ya kujenga mara moja au ni picha tu. Seti ya kujengea ina ramani ya kiwanja, ya sakafu, sura za pande nne, mkato, paa, msingi, miundo yenye nondo, umeme, maji, na orodha ya milango na madirisha.

Kabla ya kusaini, ipige chini. Vigingi na kamba kwenye kiwanja chenyewe, mistari ya chokaa kwa kuta za ndani. Mstatili wa 10 kwa 12 uko sawa mishazari yake ikipima mita 15.62 kona hadi kona, yote miwili. Usishtuke vyumba vikionekana vidogo, kwani uwanja wazi hupunguza kila kitu machoni. Amini tepu. Beba viti, viweke, pita.

Masahihisho yako yaandike kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi moja, kisha dai seti nzima irudi imebadilishwa. Mara nyingi mchoraji husahihisha ramani ya sakafu, na mkato na paa vikabaki vya zamani. Fundi akijenga kuta kwa karatasi mpya na seremala akakata kenchi kwa ya zamani, mtagundua mkiwa juu. Kila karatasi iwe na tarehe na herufi ya toleo, na zile za toleo la nyuma zichanwe, pamoja na ile iliyosahauliwa kwenye gari la msimamizi.